Hizo katoni zina miguu?

Maneno manne tu, na tangu Jumapili yananifuata mpaka bafuni.

Mnaomjua mjomba mnajua huwa hapandishi sauti. Tulikuwa kwake wote, dada kaja na mtoto (ndiyo, kajifungua, wa kike, wote wazima, na mimi sasa ni mjomba wa mtu, nitaandika siku nyingine), na mjomba yuko kwenye stuli yake anapiga viatu rangi kama anavyofanya kila Jumapili tangu astaafu jeshi. Soksi kuukuu kaivaa mkononi kama glovu, anazungusha vidole viwili kwenye ncha ya kiatu, anapumulia, anazungusha tena. Sijui nini kilinituma. Wiki nzima nilikuwa nimelala na zile ripoti za kazini (kazi yangu ni ya misaada ya watoto), nadhani zilikuwa zinatafuta pa kutokea, nikaanza kuhubiri.

Nikasema mwaka 2024 dunia imetumia dola bilioni 2,718 kwenye mambo ya jeshi, hesabu ya SIPRI hiyo, taasisi ya kule Stockholm, na ni mwaka wa kumi mfululizo inapanda. Gawanya kwa dakika, ni zaidi ya dola milioni 5 kila dakika. Halafu watoto waliokufa kabla ya kutimiza miaka mitano mwaka 2023 ni kama milioni 4.8, nao ukiwagawa hivyo hivyo unapata tisa kwa dakika. "Yaani mjomba, hapo ulipokuwa unang'arisha hicho kiatu kimoja..."

"Hiyo hesabu nzuri ya kuandika kwenye fulana," akasema. Macho kwenye kiatu.

Nikaona sikubali, nikachomoa katoni. Wa siku nyingi hapa mnakumbuka nilishaeleza kuhusu chakula tiba, kile cha karanga na maziwa cha kwenye pakiti, mtoto anafyonza tu, hakihitaji maji wala kupikwa. Katoni moja ina pakiti 150, inamtosha mtoto mmoja mwenye utapiamlo mkali wiki sita mpaka nane, na bei yake ni kama dola 50 hivi. Kombora moja la Patriot, lile la kutungulia ndege na makombora ya adui, ni karibu dola milioni 4. Mtu yeyote anaweza kugawanya. Katoni 80,000.

Hapo ndo akainua kichwa.

"Hizo katoni zina miguu?"

"Unasemaje mjomba?"

"Nakuuliza wewe mjomba," (yeye pia ananiita mjomba, ndo mambo yetu) "zinashuka melini zinatembea zenyewe? Mimi miaka miwili na kofia ya bluu ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa kichwani nililinda lori. Siku ambayo hatukuwepo, lori halikufika. Sasa wewe uza bunduki yangu ununue katoni, halafu nani anakaa juu ya lori?"

Nikacheka. Hicho ndo kinaniuma, nilicheka kile kicheko cha mtu aliyekosa la kusema, nikasema haya mjomba umeshinda, dada akanipa mtoto nibebe, mada ikafia hapo. Yeye akarudi kwenye kiatu cha pili.

Tangu siku hiyo nimemjibu mara mia. Kwenye basi, kwenye foleni, nikiwa na mswaki mdomoni. Jumatano kazini tukaambiwa kitengo chetu kinaunganishwa na kingine na watu sita hawaendelei, mimi nimo kwenye wanaobaki, na unajua nilichokuwa nawaza kwenye kile kikao? Lori.

Lakini kile kikao ndo kilinipa jibu la kwanza. Mjomba anaogopa tutauza bunduki tununue katoni. Nani kauza bunduki? Mbona kinachofanyika ni kinyume kabisa, Februari 2025 Uingereza ilitamka wazi bila kuuma maneno kwamba misaada itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa mpaka 0.3 ifikapo 2027, ili jeshi lipate zaidi. Katoni ndo zimeuzwa, na risiti ipo. Na nchi za NATO Juni ya mwaka huo huo zikakubaliana matumizi ya ulinzi na usalama yafike asilimia 5 ya pato ifikapo 2035. Lile lengo la misaada la asilimia 0.7 lilipitishwa Umoja wa Mataifa mwaka 1970, mjomba mwenyewe alikuwa hajaanza shule, na nchi zilizolifikia bado unazihesabu kwa vidole.

Jibu la pili likaja Alhamisi saa nane usiku na nilisimama kitandani kama mtu aliyefunga goli. Bajeti ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, karibu misheni zote kwa pamoja, Julai 2024 mpaka Juni 2025: dola bilioni 5.6. Weka pembeni ya 2,718. Kwa kila dola 1,000 inayoenda jeshini duniani, dola mbili ndo za kofia za bluu. Mbili! Mjomba anatetea lile fungu kubwa lote kwa jina la lori lake wakati lori lake linalipiwa kwa chenji. Kwa hiyo hatupingani, mjomba, mimi nakuongezea wewe na katoni kwa pamoja, na bado hao wengine hata hawatagundua kuna kilichopungua.

Nikaandika meseji ndefu. Nikaongeza na El Salvador 1985, jinsi serikali na waasi walivyosimamisha vita Jumapili tatu ili watoto wachanjwe, maana hiyo nayo inahusu nani anakaa juu ya lori. Ilikuwa meseji tamu. Nikatafuta chaja kwenye droo nimalizie, nikakutana na ule utepe.

Ule wa kupimia mkono wa mtoto, wenye rangi tatu. Tuligawiwa ofisini kama kumbukumbu. Nyekundu inaishia sentimita 11.5, chini ya hapo mtoto yuko kwenye utapiamlo mkali. Nikaukunja mpaka kwenye alama, nikajaribu kupitisha vidole. Viliingia vitatu, vimebanana. Mkono wa mtu mzima hauingii, hata wa mtoto wa dada mwenye siku kumi sijui. Miaka sita nimelipia tepe hizi kwa maelfu na sijawahi kuuona hata mmoja ukiwa umevaliwa na mkono. Mjomba nina uhakika ameuona. Na aliposema "lori halikufika" hakuwa anabishana, yule, alikuwa ananiambia kitu, mimi nikacheka.

Meseji nimeifuta yote. Nikaandika: mjomba, lile lori ambalo halikufika lilikuwa limebeba nini?

Tiki mbili. Asubuhi akajibu: "Utakuja Jumapili?"

Nitaenda. Ila jamani betri ya hii laptop imeanza kuvimba, kipadi cha kubonyezea kimeinuka upande mmoja kabisa, nasikia zinalipuka, na picha zote za mtoto ziko humu humu na wala sijazihamisha.