Kuna mtu humu?

Ujumbe wenyewe ulikuwa na maneno matatu: "Kuna mtu humu?" Uliandikwa Jumanne saa 3:14 usiku kwenye jukwaa la majadiliano la kozi niliyokuwa nikiiendesha mimi. Nikauona Alhamisi asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Chini yake palikuwa na mwingine wa Jumatano, wa mtu yuleyule: "Naona hakuna." Mwandishi alikuwa profesa wa jiolojia mwenye miaka 31 ya kufundisha chuo kikuu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumfundisha kufundisha.

Ilikuwa Julai 2020. Madarasa yetu yalikuwa yamefungwa tangu Machi, na muhula ule tuliumalizia kwa kubahatisha: mhadhiri anawasha kamera, anasoma slaidi zake saa mbili, anazima. Mwezi huohuo wa Machi, watafiti wa elimu Charles Hodges na wenzake walikuwa wameshaandika kwamba kitu kile kiitwe ufundishaji wa dharura kutoka mbali, kisichanganywe na kozi ya mtandaoni iliyosanifiwa tangu mwanzo. Makala ile niliisambaza kwa kila mtu chuoni. Kuisoma kwa makini ni habari nyingine, maana mafunzo niliyowaandalia wahadhiri 24 yalianza na vitufe na nusura yaishie kwenye vitufe.

Wiki nzima ya kwanza ilikuwa hivyo. Bofya hapa upakie faili. Bofya pale uweke tarehe ya mwisho. Usisahau kuhifadhi. Picha 24 nyeusi kwenye skrini, na kila baada ya dakika kadhaa sauti ya mtu aliyesahau kuzima maikrofoni akimwita mtoto. Mfumo wetu wa kuendeshea kozi mtandaoni ni Moodle, uliotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, mtu aliyeamini kwamba watu hujifunza wanapojenga kitu pamoja na kuonyeshana. Nasi tukaugeuza kabati la kutunzia PDF.

PDF ya profesa ilikuwa na kurasa 212. Zilikuwa skani za madokezo yaliyopigwa taipu zamani, nyingine zimelala ubavu. Pamoja nayo alileta video moja ya saa 1 na dakika 50. Nikampigia simu, nikamwamkia, kisha nikaanza kumweleza kwa upole kuhusu utafiti wa 2014 wa Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin. Walichambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video kwenye kozi za mtandaoni za edX, wakakuta muda wa wastani ambao mtu hudumu akitazama hauzidi dakika 6, hata video iwe ndefu namna gani.

"Dakika sita?" akasema. "Binti, dakika sita mimi bado nasalimia."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia kitu kingine, na hicho sikuwa na jibu lake: jiwe halifundishwi kwenye skrini. Jiwe hushikwa, hupimwa uzito kwa kiganja, hukwaruzwa, hata kulambwa ikibidi. Ukimpa mwanafunzi picha ya jiwe umempa picha tu.

Wiki ya pili nilipanga wao wawe wanafunzi. Nikatengeneza kozi ndogo ya mfano: maelezo, kazi ya kuwasilisha Jumatatu, na jukwaa la kujadiliana kuanzia Jumanne. Mimi ningekuwa mwalimu wao, niwajibu, nitoe mrejesho. Wazo si baya. Kasoro yake ni kwamba mwalimu alitoweka. Ningependa kusema niliitwa kwenye dharura fulani, seva imeanguka au mtihani umepotea. Hapana. Siku zile mbili nilikuwa nimejifungia nikirekodi upya video ya ukaribisho ya dakika 3, mara ya nane, ya tisa, ya kumi na moja, kwa sababu sikuipenda sauti yangu. Jukwaa sikulifungua hata mara moja.

Kwa hiyo Alhamisi niliingia kwenye kikao cha moja kwa moja nikiwa na maneno ya kuomba radhi niliyoyaandika kwenye karatasi. Profesa akaniwahi. Kwa mara ya kwanza aliwasha kamera, nikaona nyuma yake rafu nzima ya mawe.

"Jumatatu nilituma kazi," akaanza. "Sikujua kama imefika. Nikafungua ule ukurasa tena na tena. Mara ya sita nikajiona mjinga, mtu mzima nimekaa nakodolea kisanduku kitupu. Nikauliza kama kuna mtu. Kimya. Nikasema basi, hawa watu hawanihitaji."

Mhadhiri wa uuguzi akawasha maikrofoni yake. "Kumbe na wewe, Prof? Nilidhani ni mimi peke yangu nisiyejua pa kubofya." Wa tatu akasema alishafikia kuacha. Kamera zikaanza kuwaka moja moja, nyuso nikaziona wiki ya pili kana kwamba ndiyo tunakutana.

Kisha profesa akanyamaza kidogo, akavua miwani. "Mwezi wa tano nilikuwa na barua pepe za wanafunzi zaidi ya sitini. Sijazijibu mpaka leo. Nilijiambia video ninazo, wataangalia." Akaivaa tena miwani, akaisogelea kamera. "Binti, hili ulilifanya makusudi?"

Karatasi yangu ya radhi ilikuwa mezani, mbele yangu kabisa.

"Ndiyo, Profesa," nikasema.

Ratiba ya mchana ule tuliitupa. Nikawaeleza jambo ambalo Michael Moore, mtaalamu wa elimu ya masafa, alilishikilia miaka mingi: umbali katika masomo ya mbali haupimwi kwa kilomita, ni pengo la kutoelewana linalobaki kati ya mwalimu na mwanafunzi pale mazungumzo yanapokosekana. Safari hii hakuna aliyehitaji mfano. Tukarudi kwenye kozi zao, tukaanzia mwisho: mwanafunzi akimaliza, aweze kufanya nini? Karibu kila mmoja alikuwa ameandika "ataelewa". Neno hilo ni gumu kwa mwalimu asiyemwona mwanafunzi, kwa sababu kuelewa hakuna umbo. Darasani utamsoma mtu usoni, mtandaoni huna uso wa kusoma.

Profesa aliandika: "Mwanafunzi ataelewa ugumu wa madini."

"Akishaelewa, utamwona akifanya nini?" nikamuuliza.

"Atakwaruza."

"Basi andika atakwaruza."

"Atakwaruza nini, na maabara imefungwa, kila mtu yuko kwao?" Alisema hivyo, halafu akageuka akaitazama rafu yake. Tulimsubiri. "Mawe yapo kila mahali," akasema taratibu, kama anayejisemea. "Mimi mwenyewe ya kwanza niliokota njiani."

Zoezi aliloliandika jioni ile ninalo bado. Mwanafunzi aokote mawe matatu tofauti karibu na anapoishi. Kila moja alipige picha pembeni mwa sarafu, ili ukubwa uonekane. Alikwaruze kwa ukucha, kisha kwa msumari, kisha alijaribu juu ya kipande cha kioo. Kipimo cha ugumu wa madini cha Friedrich Mohs cha mwaka 1812 kinaanzia 1 kwa talki na kuishia 10 kwa almasi. Ukucha uko kwenye 2.5 hivi, kioo kwenye 5.5 hivi, kwa hiyo mtu mwenye vitu hivyo vidogo tayari ana maabara mfukoni. Adondoshe siki: jiwe la chokaa litatoa povu. Halafu aweke majibu jukwaani, aseme pia anatilia shaka nini, na awajibu wenzake wawili. Sentensi ya mwisho ilikuwa ya profesa mwenyewe, sikumwongezea neno: "Nitakujibu ndani ya saa 48. Nisipokujibu, nidai."

Yaliyobaki yalikuwa jasho tu. Video ya saa 1 na dakika 50 ilikatwa ikawa vipande 14, tukatupa vitano, na salamu zote zikaenda na hivyo vitano. Picha zilipunguzwa uzito kwa ajili ya wanaosomea kwenye simu na kuhesabu bando. Madokezo yalichapwa upya, kazi ya wiki tatu, kwa sababu mwanafunzi wake mmoja asiyeona hutumia programu ya kumsomea skrini, na programu hiyo ikikutana na skani hukaa kimya. Kwake ukurasa ni picha, hauna neno hata moja. Profesa hakuwahi kulijua hilo. Alipolijua hakulalamika tena juu ya uchapaji.

Muhula ulipoanza nikawa nachungulia jukwaa lake kila usiku, kwa wasiwasi zaidi kuliko wajibu. Wiki ya pili mwanafunzi mmoja aliweka picha ya jiwe la kijivu akadai ni chokaa: limetoa povu, ushahidi ni video ya sekunde 9. Wenzake wakamkubalia. Mmoja akauliza mbona ndani yake kuna vijiwe vingine vya mviringo. Mabishano yakafika ujumbe 47 kabla profesa hajaingia, saa 4 usiku: "Ndugu zangu, hicho ni kipande cha zege. Lakini povu ni la kweli, na sababu yake nataka mniambie nyinyi." Wakaendelea hadi usiku wa manane, na yeye yumo.

Mwaka 2022 alialikwa kuzungumza na wahadhiri wapya. Nilikaa nyuma. Aliwasimulia habari ya zege, wakacheka, kisha akanionyesha kwa kidole. Akawaambia kuna mbinu ya huyu binti, kali lakini inafanya kazi: anakufanya mwanafunzi, halafu anakuacha siku mbili bila jibu, makusudi kabisa. Watu wakageuka kunitazama. Wengine walikuwa wanaandika.

Kijana mmoja mstari wa mbele akanyoosha mkono, akataka kujua kwa nini siku mbili, isiwe moja wala tatu. Kipaza sauti kikapitishwa mkono kwa mkono hadi kikanifikia. Nikasema tatu zingezidi.