Hodi ya kufuli

Kundi letu halikuwa na ofisi wala akaunti ya benki, tulikuwa tu watu wa Kariobangi na Huruma, mitaa ya Nairobi, wenye walipenda kuigiza, fundi wa kuchomelea vyuma pale Light Industries, dada mmoja wa mitumba Gikomba, makanga wawili, na mimi nilikuwa mjengo, mazoezi ni saa moja jioni mtu akishatoka kibarua. Hii ni 2009. Wakati huo vikundi vingi vya mtaa vilikuwa vinaishi na pesa za NGO, unapewa ujumbe, nawa mikono, enda upimwe, unaigiza kidogo halafu unavalishwa tishati. Siziongelei vibaya, zilinilisha. Lakini ukizizoea unajikuta huwezi kuigiza mtu ambaye hafundishi kitu.

Dairekta wetu, mzee flani aliyekuwa mwalimu, akasema tufanye mchezo wa kodi ya nyumba, na tuufanyie kwa ploti, hapo hapo wapangaji wanaishi, kiingilio 20 bob na watoto bure, maana tikiti ya mjini ilikuwa inakula kibarua cha siku nzima. Huyo mzee na Kamiriithu! Kila mazoezi lazima atuambie vile 1977 huko Limuru wakulima na watu wa kiwandani walijijengea ukumbi wazi, wakawa wanakuja mazoezini kumrekebisha mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake, ati hapana, maisha yetu hayako hivyo. Mchezo ulianza Oktoba 2, Novemba 16 leseni ikaondolewa, mwaka kuisha Ngũgĩ yuko ndani, na 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Sisi tunaitikia tu, eeh mzee, tunataka tuanze.

Jumapili moja tukaingia ploti ya ghorofa Huruma. Fundi alikuwa ametuchomelea mlango wa bati na fremu yake, unasimama peke yake, hiyo ndio seti yote. Mimi ndio ajenti, yule wa kudai kodi. Nikaufikia, ngo ngo ngo, "Hodi mama."

Watu wakacheka, na hapo hapakuwa pa kucheka.

Mama mmoja wa ghorofa ya pili, alikuwa anaanua nguo, akapaza sauti, "Wee kijana! Ajenti gani huyo anapiga hodi?" Nikajaribu kuendelea, wapi. Akashuka, leso kiunoni, akaninyang'anya kufuli niliyokuwa nayo mfukoni, akaigonga kwa bati mara tatu, polepole, bila kusema neno, halafu akaining'iniza kwa komeo na kugeuka kama ameshamaliza na wewe. Dada wa mitumba, ndiye alikuwa mpangaji, akasahau maneno yake yote akaanza kumwomba kwa kikwao.

Maandishi tukayaacha hapo. Kila mtu ana yake, wengine hung'olewa mabati na watoto wakiwa ndani, wengine hukatiwa stima, hadi giza likatupata. Na ajenti wa ukweli alikuwa hapo getini, amelipa 20 yake kama wengine, watu walipomgeukia akajifanya anapokea simu.

Pesa tulikuwa tunagawana sawa kwa sawa usiku huo huo. Mzee akamwambia mama aje mazoezini, tutamtafutia nauli.

"Nauli ya nini na naishi hapo juu? Nihesabuni."

Tukahesabu upya.