Vijino 14 ndani ya ufizi

Jamani leo nmechoka ila nna raha. Mwanangu wa miaka 12 jino lake moja la mbele juu lilikataa kuota, mwenziwe ashatoka zamani, bibi yake wa Kibokoni akawa asema ngojeni litakuja tu, nami nkangoja mwaka mzima (ujinga wangu). Kupigwa eksirei, daktari atuonyesha vijino vidogo vidogo kama punje za mchele vimeziba njia, aiita odontoma, uvimbe usio kansa. Mi kusikia uvimbe miguu ikaniisha nguvu! Asubuhi kapigwa ganzi vikatolewa, nmehesabu 14 kwenye kibakuli wallahi. Daktari asema ni nadra kurudi, jino lenyewe twalisubiri lishuke. Saa hii tuko feri Likoni yuwadai aiskrimu, hanyamazi.