Pigo ambalo hakuna aliyeliona

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii sikuwa na amani kabisa na sababu ni karatasi moja tu. Jumanne imekuja bili ya wale waliotukodishia motohomu, lile gari lenye nyumba ndani, wamekata dola 640 kwenye depoziti yetu, ngazi ya nyuma imepinda na taa ya kulia imevunjika. Baba watoto akaisoma, akaikunja, akaweka mfukoni, akasema basi mama, kosa ni langu, nilipiga rivasi vibaya. Nikanyamaza. Nilikuwa naosha vyombo, nikaendelea kusugua sahani ambayo ilishatakata zamani.

Ngoja niwaeleze. Mwezi wa nne tulitimiza miaka 30 ya ndoa, na yeye tangu aanze gofu alikuwa na hamu na vile viwanja vya Robert Trent Jones, yule mchoraji wa viwanja vya gofu, hapa Alabama, wengi wenu mnapita barabara kuu ya I-65 mnaona vibao tu. Ni viwanja 26 katika sehemu 11, mashimo yote 468, na vilijengwa kwa hela ya mfuko wa pensheni wa walimu na watumishi wa jimbo. Mkuu wa mfuko, David Bronner, ndiye aliyepata wazo hilo, vya kwanza vikafunguliwa 1992. Hela ya uzeeni ya mwalimu imekuwa majani mabichi, hapo nako kuna neno la kuwekeza lakini siyo la leo.

Tukachukua motohomu ya futi 28 kwa siku tisa, kutoka Huntsville kushuka mpaka Mobile, kama maili 350 hivi. Jamani, ndoa ya miaka 30 ukiiingiza ndani ya futi 28 utaijua. Ukinuna hakuna chumba cha kwenda kununia, choo kipo hatua mbili kutoka kitandani, na kila baada ya siku mbili lazima mtu avae glavu achomeke bomba amwage tangi la choo. Alimwaga yeye safari nzima, sikuombwa hata mara moja.

Siku ya tatu tukafika kambini giza linaingia, mvua imetoka kunyesha, kamera ya nyuma imejaa matone haioni kitu. Nikashuka nimwelekeze. Namwambia njoo, njoo, njoo kwa mkono wa kushoto, wa kulia nimeshika simu nasoma meseji za kikundi cha kina mama. Nikasikia kishindo. Tumegonga mti wa mwaloni. Akashuka mbio, neno lake la kwanza, mama upo salama? Na mimi neno langu la kwanza, si nimekwambia simama, hukusikia? Wapendwa, sikumwambia simama. Usiku uleule nikampigia wifi yangu aliyeko Moshi, Tanzania, nikamwambia kaka yako siku hizi haoni.

Kesho yake tukaenda Prattville, pale Capitol Hill, kiwanja wanachokiita Legislator. Mimi bado najifunza, baada ya mashimo tisa miguu iligoma, nikakaa kwenye kigari nikawa namwandikia kadi ya kuhesabia mapigo kwa kale kapenseli kafupi kasiko na kifutio. Shimo moja mpira wake ukaingia kwenye misonobari. Niliona mgongo wake tu, akainama, akainuka, akapiga, mpira ukatoka vizuri. Alipomaliza nikaandika tano. Akasema andika sita. Sita ya wapi? Akasema nilipoondoa majani makavu mpira ulisogea, hiyo ni adhabu ya pigo moja. Umesogea kiasi gani? Akanionyesha kwa vidole, kama punje ya mahindi. Nikamwambia tupo wawili tu hapa, hakuna kombe, nani anajua? Akasema si ndiyo gofu yenyewe, mama. Nikaichora sita juu ya tano, ile tano ikabaki inaonekana kwa chini.

Moyo ulinishika pale pale na bado nikanyamaza, wiki tano nimenyamaza! Nimeimba kwaya, nimeongoza maombi ya Jumatano, na kitu kipo chini ya hema kama kile alichoiba Akani kwenye Biblia, kimefukiwa na mkeka umetandikwa juu.

Na hapa naomba niseme na wewe mama mwenzangu, na wewe baba. Una folda ya skrinshoti za mwenzio tangu 2019, siku ya kikao cha wazee unazitoa moja moja na tarehe zake, meseji hii, muamala huu, lakini zako ziko wapi? Nani ameziweka kwenye folda? Tunajua kuhesabu mapigo ya mwenzetu hata yale ya kukisia, ya kwetu tunasema upepo. Adamu alisema huyu mwanamke uliyenipa, na sisi leo tunasema hivyohivyo kwa Kiswahili kizuri na machozi juu, na wazee wa kanisa wanatuhurumia. Acha! Neno linasema afichaye dhambi zake hatafanikiwa, halikusema dhambi kubwa tu. Kama umemwachia mwenzio abebe kosa ambalo ni lako, hata liwe dogo kama punje, usilale nalo leo. Usisubiri semina ya ndoa, usisubiri mchungaji aguse mada yako. Mwite jikoni, zima hiyo tivii, mwambie. Mungu aliyekusamehe yale ya mwaka ule unayoyajua wewe na Yeye hatakuacha uaibike kwa hili.

Nami Alhamisi usiku nilimwita. Nikamwambia yote, simu, mkono, uongo. Alikuwa anamenya chungwa. Akasema nilikuona kwenye kioo, mwanga wa simu ulikuwa usoni kwako. Nikamuuliza sasa kwa nini hukusimama? Akasema mkono ulikuwa unaniita, nikaja. Na mbona siku zote hizi hukusema? Akasema nilikuwa nakusubiri. Akanipa nusu ya lile chungwa.

Nimelia sana wapendwa. Bado sijampigia wifi Moshi, saa hizi kwao ni usiku wa manane. Nitampigia kesho asubuhi kabla ya ibada, mniombee nisianze na maneno mengi.