Sufuria ya pembetatu 40,000

Watu wakisikia nasomea sanaa ya gemu hapa Dundee, Uskoti, swali ni lilelile: "Kwa hiyo mnacheza tu?" Laiti! Muhula wa kwanza karibu wote nimechora mikono kwa mkaa. Mikono, jamani. Vidole vyangu vilikuwa kama ndizi mzuzu.

Juzi nikatengeneza jiko na sufuria kwenye Blender, programu ya kuchonga maumbo ya 3D, kila mbonyeo nimeuchonga, najiona fundi. Mwalimu akafungua faili, akatazama hesabu ya pembetatu, vile vipande vidogo vinavyounda umbo na kuipa kompyuta mzigo: 40,000. Akauliza kwa upole, "Na mchezo wenyewe utabeba nini tena?" Nikakesha kuzipunguza hadi 1,800. Ile mibonyeo sasa ni picha tu iliyobandikwa juu, inadanganya mwanga, ukiizungusha hujui. Ila masizi nimepaka mwenyewe, hayo siiachii programu.

Hapa Dundee ndipo ilipotengenezwa Lemmings, gemu maarufu iliyotoka mwaka 1991, na chuo cha Abertay kikaanzisha shahada ya gemu 1997, kwa hiyo studio ziko jirani. Wakiajiri wanatazama kazi zako kwanza, cheti baadaye.

Mama bado anawaambia majirani nasomea kompyuta. Sijamsahihisha.