Kikundi chetu cha ukulele hapa Busia

Kila Jumapili saa kumi jioni tuko chini ya mwembe nyuma ya kwetu hapa Busia, upande wa Uganda, na wa ng'ambo ya mpaka nao wanavuka wanakuja. Tulianza watatu na ukulele mbili, yaani vigitaa vidogo vya nyuzi nne. Jumapili iliyopita tulikuwa 21, nikahesabu mara mbili. Watu wananiuliza tulifanyaje, basi wacha niseme.

Mwanzoni nilikosea, nilijifanya mwalimu. Wiki ya kwanza majina ya nyuzi, wiki ya pili vidole, wimbo utakuja mbele ya safari. Watu wakaja mara moja, wakaona wamerudishwa darasani, wakapotea.

Aliyetubadilisha ni mama mmoja jirani anauza mukene, yaani dagaa, sokoni. Alipita na beseni kichwani akasimama kusikiliza, nikamkaribisha, akasema, "Mwanangu, nyuzi nne tu na mimi nina vidole kumi, hebu lete." Sikumweleza chochote, nilimshika tu kidole cha pete nikakiweka kwenye uzi wa chini kabisa, freti ya tatu, yaani nafasi ya tatu kati ya vile vichuma vya shingoni, nikamwambia mama, ukiona nimeinamisha kichwa piga. Hiyo ndio kodi ya C, yaani nyuzi zote zikilia pamoja kwa sauti moja inayopatana, kidole kimoja basi. Sisi wengine tukazunguka C, F, G7 na yeye akawa anavizia C yake, ikifika anapiga anacheka mpaka machozi, na vidole vyake bado vinanuka mukene. Wiki iliyofuata akaja na wadogo zake wawili.

Tangu hapo hiyo ndio sheria yetu, aliyekuja leo apige leo, asiondoke hajamaliza wimbo mzima na wenzake. Akizoea C tunampa Am, nayo kidole kimoja, uzi wa juu freti ya pili, alafu F ni Am hiyohiyo unaongeza kidole kwenye uzi wa tatu kutoka juu, freti ya kwanza. G7 ndio inasumbua, inataka vidole vitatu, hatumlazimishi mtu, ikifika G7 anayeshindwa anapiga makofi. Na kwa kodi hizo nne nyimbo za kwaya na za zamani zinapigika nyingi sana jameni.

Kutuni, yaani kupatanisha sauti za nyuzi, msikuchezee. Nyuzi mpya za nailoni zinavutika, umetuni sasa hivi, nyimbo mbili tu zimeshashuka, na ukulele nane zisizopatana zinafukuza watu kuliko mvua. Kwa hiyo mtu mmoja anawahi nusu saa, anatuni zote kwa simu, G C E A, ndio sauti za nyuzi kutoka juu kwenda chini. Wanaotoka kwenye gitaa wawe macho, uzi wa juu wa ukulele una sauti nyembamba, sio besi, ukiulegeza ukitafuta besi umeharibu.

Ukulele hazitoshi, tunashika wawili wawili, mmoja anapiga mwenzake anaimba, alafu wanabadilishana. Mwenye elfu moja anaweka kwenye kopo, asiye nayo anaimba.

Siku moja mzee mmoja wa kabila la Waalur alikuja na adungu yake, kinubi cha kwao. Akauliza hii gitaa ya watoto imetoka wapi, nikamwambia Hawaii, lakini hata huko ilifika kwa meli, mwaka 1879, wafanyakazi wa mashamba ya miwa kutoka Madeira, kisiwa cha Wareno, walikuja na kigitaa chao, mafundi wao wakatengeneza hii. Mzee akaigeuza akaitazama mgongo, akasema "kumbe nayo ni mgeni," akakaa. Tulichukua muda kupatanisha adungu na C yetu, lakini ilipoingia chini ya ukulele zetu kila mtu alinyamaza kidogo kabla ya kuimba. Sikuhizi haanzi mtu kama mzee hajafika.

Jumapili hiyo ya watu 21 kijana wa boda alizima pikipiki akabaki ameegemea, anaona haya kuingia. Kabla sijainuka yule mama wa mukene alishamfikia, kamshika kidole, anakiweka freti ya tatu.