Pangaboi lenye taa: kwangu Dodoma nilianzia darini, dukani baadaye

Kuanzia Septemba mpaka mvua za Desemba zikubali kunyesha, nyumba ya bati na jipsamu hapa Dodoma hukaa na joto hadi usiku mkubwa. Bati linachomwa na jua kutwa nzima, dari inapokea, na ukijilaza unahisi joto likikushukia. Lakini tuna neema moja ambayo ndugu zetu wa Tanga na Dar es Salaam hawana: hewa yetu ni kavu. Feni haipoozi hewa ya chumba. Inachofanya ni kukausha jasho, na jasho likikauka mwili unapoa. Pwani kuna unyevu mwingi, jasho linakauka kwa shida. Huku hata upepo mdogo unafanya kazi. Ndiyo maana kwa nyumba nyingi za hapa naona pangaboi zuri linatosha, kiyoyozi kisubiri. Na kwa kuwa linapooza watu na si chumba, mkitoka lizimeni.

Nilitaka lenye taa kwa sababu vyumba vyangu vina sehemu moja tu ya umeme, katikati ya dari. Feni ikikaa pale, taa inakosa mahali. Ukiihamishia pembeni na ikawa juu ya mapanga, kivuli kinakatakata ukutani muda wote feni inapozunguka, macho yanachoka. Taa ikiwa chini ya mapanga, shida hiyo haipo.

Kabla ya kuuliza bei popote nilimwita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Tukazima meni swichi, akapanda juu ya dari na tochi. Nilikuwa na maswali mawili tu: feni itashikwa na nini, na ni waya gani zinafika pale.

Swali la kwanza ndilo linalonikosesha usingizi nikiingia nyumba za watu. Pangaboi lenye taa lina kilo tano, sita, pengine zaidi, na linatikisika kila linapozunguka. Jipsamu haibebi mzigo huo hata siku moja, wala kile kiboksi cha plastiki kilichowekwa kwa ajili ya balbu. Kwangu kenchi zilikuwa zimepita pembeni, katikati patupu. Fundi alikata mbao ya mbili kwa nne, akailaza kutoka kenchi moja hadi nyingine, akaifunga kwa bolti, halafu ndoano ya feni ikapenya mbao yote na kubanwa kwa nati mbili. Juu yake tukaongeza waya wa chuma wa usalama, ili hata ndoano ikilegea feni isimwangukie mtu. Akanionyesha kwa kuning'inia pale kwa mikono yake miwili. Mbao haikulia.

Kuhusu waya, jibu lilitoka juu ya dari: "Mama, hapa kuna laini moja tu ya swichi. Ukitaka taa na feni kila moja ijiwashe kivyake, tuvute waya mwingine, au ununue la rimoti."

Taa na feni zinaweza kutumia nyutro moja na ethi moja, ila kila moja inataka laini yake kutoka kwenye swichi. Ikiwepo laini moja, ukiwasha taa unaamsha na feni. Sebuleni bomba la waya lilikuwa na nafasi, akavuta laini ya pili, tukaweka ukutani swichi ya taa na regulata ya feni, ile ya kuongeza na kupunguza kasi. Chumbani bomba lilikuwa limejaa na sikutaka kuta zichimbwe, kwa hiyo pale nikachagua rimoti.

Ndipo nikaenda madukani, jirani na soko la Majengo, nikijua ninachotaka. Sebuleni nilinunua la milimita 1400, chumbani, ambako ni kama futi 12 kwa 12, la 1200. Dari yangu iko karibu mita tatu, hivyo fimbo fupi ilitosha kuyaacha mapanga zaidi ya mita 2.3 kutoka sakafuni. La chumbani lina mota ya BLDC, aina inayoendeshwa kielektroniki, inayokula kama wati 30. Mota ya kawaida inakula kama 70. Likizunguka usiku kwa muda wa masaa kumi, ni uniti 0.3 za LUKU badala ya 0.7, na umeme ukipungua nguvu jioni halizubai kama lile la sebuleni. Taa niliangalia jambo moja tu: iwe ya kubadilishika. Yapo mapangaboi mazuri ambayo taa yake ya LED ikifa hupati nyingine mjini kote. Nilichukua yenye holda ya kawaida ya balbu ya kuskruu.

Ukinunua la rimoti, uliza pia linafanyaje umeme ukikatika na kurudi. Mengi huwasha taa yenyewe. Saa nane za usiku, mtoto amelala, chumba kinang'aa ghafla. Langu ni hivyo hivyo, na swichi ya ukutani niliyoiacha ndiyo dawa yake. Chandarua nacho kifikiriwe mapema: cha duara kinaning'inia palepale feni inapotaka kukaa, kwa hiyo tulihamia cha fremu.

Matatizo yalikuja, na kila moja lilikuwa na chanzo chake. La sebuleni lilianza kuyumba. Nilisimama kwenye ngazi, nikapima kwa futi umbali kutoka darini hadi ncha ya kila panga, na panga moja lilikuwa limeinama kuliko mengine. Skrubu zake zilikuwa zimelegea. Zilipokazwa, likatulia. Siku hizi likiyumba tena naanza na vumbi, maana vumbi letu la Dodoma hujikusanya kwenye ukingo wa mapanga na halilingani kote. Nazima, navisha panga foronya kuukuu, navuta. Vumbi lote linabaki ndani ya foronya na chini hapachafuki.

Kwa mdogo wangu, anayekaa Nkuhungu hapahapa Dodoma, taa ilikuwa inapepesa kila feni ikiwekwa namba moja. Aliyefunga alipitisha taa na feni kwenye regulata moja. LED haitaki umeme uliopunguzwa hivyo. Fundi alitoa taa kwenye regulata, akaipa swichi yake, kupepesa kukaisha. Kwa sababu hiyohiyo feni ya rimoti haifungwi kupitia regulata ya ukutani: ikiwepo ya zamani, itolewe, iwekwe swichi ya kawaida.

Nilipoongeza feni ya aina ileile chumba cha watoto, rimoti moja ikawa inaamuru zote mbili. Tulizima umeme wa moja, tukaurudisha, na papo hapo tukabonyeza kitufe cha kuunganisha kama kijitabu chake kinavyoelekeza. Tangu hapo kila rimoti inajua feni yake.

Feni ya mota ya kawaida ikivuma bila kuzunguka, au ikizunguka kwa uvivu hata namba tano, wa kwanza kushukiwa ni kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Umeme uzimwe kwenye meni swichi, si kwa swichi ya ukutani tu, na fundi aitoe chaji kabla ya kuishika, kwa sababu kapasita hubaki na umeme. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, usome namba zake, mara nyingi 2.5 µF kwa feni ya 1200, na ununue ya namba hiyohiyo. Ukiweka kubwa zaidi feni inaweza kukimbia vizuri mwanzoni, lakini mota inachemka na koili zinaungua.